Uchafu Umekosa Pa Kwenda

Mtu aliyelelewa Tanga anaujua usafi kwa kanuni moja tu: uchafu utoke nje. Vumbi hufagiliwa hadi uwanjani, maji ya deki humwagwa mtaroni, godoro huanikwa juani, na kilichobaki huchukuliwa na upepo wa bahari bila kudai malipo. Sasa mchukue mtu huyo umweke Minneapolis, jimbo la Minnesota, ambako theluji huanza Novemba, mwaka mwingine Oktoba, na Aprili bado hujui kama imemaliza. Asubuhi ya tarehe 30 Januari 2019 baridi ya mji huu ilifika nyuzi 33 chini ya sifuri. Siku ya namna hiyo hufungui dirisha ili nyumba ipate hewa. Mlango umefungwa, madirisha yamefungwa, na uchafu wa msimu mzima umekaa ndani pamoja nasi, unaota joto tunalolilipia sisi.

Adui wa kwanza ni chumvi. Barabara na njia za miguu humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, nayo huingia ndani kwenye soli za buti, ikakauka na kuacha michirizi myeupe sakafuni. Ukiipiga deki kwa maji matupu umeitembeza tu kutoka chumba hiki hadi kile. Dawa yake ni siki kidogo kwenye maji ya uvuguvugu, ndiyo maana kuanzia Desemba nyumba yetu hunuka achari ambayo hakuna aliyeila. Baridi ikishuka sana, chini ya nyuzi 9 hivi chini ya sifuri, chumvi yenyewe huanza kuishiwa nguvu, na watu humwaga mchanga ili wasiteleze. Hapo sisi wa pwani tunapata ufuko kamili sebuleni, mchanga na chumvi, kasoro bahari.

Utasema: si wavue viatu mlangoni? Wanavua! Hilo hatukuja kufundishwa huku. Lakini Tanga mgeni huvua ndala kwa kutikisa mguu huku anapiga hodi. Hapa kuna buti la kamba, glavu, skafu, kofia, koti, na koti la chini ya koti. Mtaulizana habari za nyumbani, za watoto, za kazini na za wazee, na buti la kushoto bado halijatoka. Muda wote huo theluji ya kwenye soli inayeyuka. Mgeni akishajivua kistaarabu, hukanyaga lile dimbwi kwa soksi, kisha huyasindikiza maji yale ya chumvi hadi kwenye kochi. Tulinunua trei za kuwekea buti. Watoto waliziona wakaamua ni bandari, na meli zao zikatia nanga humo.

Januari moja mama mkwe akaja kututembelea. Kwa imani yake, mlango usiooshwa asubuhi ni aibu kwa ukoo mzima. Basi alfajiri, baada ya swala, akajaza ndoo maji ya moto na sabuni, akaziosha ngazi za nje kwa heshima zote. Tulipoamka zilikuwa zinang'aa kweli kweli, povu limegandia ndani ya barafu. Mleta barua alifika, akazitazama, akageuka na barua zetu mkononi. Mume wangu alitoka mbio kumfuata, akashuka ngazi zote kwa makalio.

"Pole mwanangu," mama yake akamwambia kutoka dirishani. "Lakini umeona zilivyotakata?"

Ndani nako kuna vita yake. Hewa ya baridi hubeba unyevu kidogo, na hita ikiipasha huzidi kukauka. Midomo inapasuka, vumbi linaelea, na ukiburuta soksi juu ya zulia kisha ukagusa kitasa unapigwa shoti. Mama mkwe alimpa mjukuu wake mkono wakatoana cheche. Akaurudisha mkono haraka na kuanza kusoma Ayatul Kursi. Tukaleta mashine ya kuongeza unyevu. Unyevu ukakimbilia kwenye vioo vya madirisha, ukaganda usiku, ukayeyuka mchana, na baada ya muda pembe za madirisha zikaota kuvu nyeusi. Yaani nyumba moja, siku moja, unafuta vumbi kwa sababu ya ukavu na unafuta kuvu kwa sababu ya unyevu.

Na samaki? Samaki mmoja akikaangwa Jumamosi, makoti yote yaliyotundikwa ukumbini yanakwenda shule naye Jumatatu. Mama mkwe akaona dawa ni udi. Akawasha chetezo, akakipitisha chumba kwa chumba, na king'ora cha moshi kikaanza kulia. Tukafungua dirisha moshi utoke, ukatoka vizuri, ila barafu ya kwenye fremu ikalizuia dirisha lisifunge. Tulikula wale samaki tumevaa makoti, kwa hiyo hatukuokoa hata koti moja.

Mume wangu, kwa upande wake, huingia chini ya blanketi pale kwenye kochi mwezi wa Novemba. Sheria ya jiji inamtaka mwenye nyumba aondoe theluji njiani mbele ya nyumba yake ndani ya saa 24 baada ya kuacha kuanguka. Yeye hutoka saa ya ishirini na tatu, akilalamika kwamba wameharakisha.

Mkombozi wetu alikuwa jirani, bibi mwenye asili ya Ufini. Siku moja ya baridi kavu, theluji ikiwa laini na haishikani, tulimwona anatoa zulia lake la sufu, analilaza kifudifudi juu ya theluji, anaanza kulichapa. Alipoliinua, chini palibaki alama ya kijivu, vumbi la miezi. Alilikung'uta kidogo, akalirudisha ndani likiwa halijalowa.

Mama mkwe alitazama mpaka mwisho bila kupepesa. "Kumbe nje ipo!" akasema. "Mmekaa ndani na uchafu wenu na fagio limeanguka bure kutoka mbinguni."

Siku hiyo hakuna aliyepumzika. Yalitoka mazulia, yakafuata mito, ikafuata mikeka ya kuswalia, yakaja makoti yenye historia ya samaki, vyote vikalazwa na kuchapwa. Alipovimaliza, akasimama katikati ya sebule, fimbo mkononi, akitafuta kilichosahaulika. Macho yake yakatua kwenye kochi, juu ya lile blanketi, na kitu kilichokuwa kimejilaza chini yake tangu Novemba.

Mume wangu aliruka, akachukua sepetu, akatoka kwenda kuondoa theluji njiani. Ilikuwa bado inaanguka.