Kiberiti cha Pleiku

Sivuti sigara. Naanza na hilo kwa sababu mama watoto hulisema kila anapofuta vumbi kabatini: "Baba Neema, mtu havuti, ana viberiti kumi na kimoja, na jikoni hakuna hata kimoja kinachowaka."

Ni Zippo, vile vya chuma vyenye mfuniko wa bawaba, walivyotembea navyo askari wa Marekani katika vita vya Vietnam. Jeshi liliwapa sare, helmeti na buti za aina moja. Kiberiti ndicho mtu alichoweza kukiandika la moyoni. Mafundi wa mitaani Saigon na Da Nang waliwachorea jina la kambi, mwaka wa kufika na wa kuondoka, mwanamke asiye na nguo, matusi kwa wakubwa. Wengine waliigeuza zaburi ya bonde la mauti ikawa majigambo nisiyoweza kuyarudia hapa, mchungaji wangu husoma safu hii.

Nilichokipenda kuliko vyote alikileta shemeji, aliyekwenda Ho Chi Minh City kwa biashara ya korosho. Kimeandikwa jina la kambi, Pleiku, 66-67, na maneno ya kijana anayelilia nyumbani kwao. Usiku nilikuwa nakitazama nikimhurumia.

Kosa langu ni kujifunza kusoma kitako. Kiwandani, Bradford, Pennsylvania, walikuwa wakigonga alama ya mwaka chini ya kila kiberiti. Mwaka 1966 ilikuwa vistari vinne upande huu wa jina na vinne upande ule, kisha kila mwaka wakaondoa kimoja. Nikavaa miwani. Changu kina kistari kimoja. 1973! Mwaka huo Wamarekani walikuwa wanapanda ndege kurudi kwao. Kijana wangu alimwaga machozi yake juu ya kiberiti ambacho kingetengenezwa miaka sita baadaye.

"Lakini si kinawaka?" shemeji akauliza. Nikamweleza kwamba viberiti vya namna hii ndivyo vilivyochoma mapaa ya nyasi ya kijiji cha Cam Ne mwaka 1965, mbele ya kamera ya televisheni. Akasema basi nishukuru changu hakikwenda.

Na hakiwaki. Mafuta yake hukauka yenyewe, umetumia hujatumia. Juzi umeme ulipokatika nilikitoa kwa mbwembwe: cheche, cheche, giza. Mama Neema akawasha chake cha plastiki cha shilingi mia tano, akanimulika usoni, akauliza fundi wa kuchora anapatikana wapi, ili nacho akiandike Pleiku nisikiguse tena.