Waraka kwa fundi aliyezinyamazisha springi zangu

Fundi wangu mheshimiwa,

Salamu nyingi zikufikie popote ulipo. Sisi hapa Misunkumilo hatujambo, hofu ni kwako tu, maana simu yako haipatikani tangu siku niliyokumalizia malipo.

Bila shaka unayakumbuka maneno yako, kwani uliyasema ukiwa chali chini ya Hilux yangu kuukuu, nami nimekushikia tochi. Ulisema gari litashuka kidogo tu, mama apande bila kuinuliwa kama gunia. Limeshuka, sikunyimi haki yako. Limeshuka hata ekseli inabisha hodi kwenye chesisi kila shimo. Shokapu nazo umeziacha zilezile ndefu, zinafika mwisho kabla safari haijaanza.

Kuhusu kelele, nilistaajabia elimu yako. Ulinieleza kwamba springi hulia kwa sababu vyuma vyake vinasagana vikiwa vikavu na kutu, hivyo utavifungua kimoja kimoja, uvisugue kwa brashi ya waya, uvipake grisi, kisha uweke vipande vya plastiki kwenye ncha. Maelezo sahihi kabisa, hayakupungukiwa na kitu ila kutekelezwa. Ulivimwagia oili chafu kwa nje. Springi zikanyamaza siku tatu, vumbi letu likanata humo, likawa msasa. Juzi nilipofika Sitalike, watu waliokuja kutazama viboko wa mto Katuma waligeuka kunitazama mimi.

Bushi mpya za raba nilizokukabidhi naamini umezitunza vizuri. Za zamani bado zimo garini, nazisikia.

Ukaona pia vyema kupunguza vyuma viwili kila upande, springi ziwe laini. Laini zimekuwa. Gari lililokuwa likibeba magunia kumi ya mpunga sasa linabeba manne, tena kwa dua.

Vile vyuma vinne uliniahidi nitavikuta kwako siku nikivihitaji. Mhunzi mmoja wa hapa mjini amenisimulia, kwa furaha isiyo na hatia, kwamba chuma cha springi hakina mfano kwa kufua mapanga, na kwamba majuzi kaletewa vinne vizuri sana. Sikudhanii vibaya, fundi wangu. Ila ukipita kwake, niombee panga moja. Nyasi zimeota chini ya Hilux, na kwa jinsi ulivyoishusha, fyekeo halipiti.

Wako mtiifu,
Mteja wako wa Misunkumilo