Sifa za Ikisiri ya Maneno 300

Washairi wa pwani wameusifu mnazi mpaka makumbi yake. Jahazi limesifiwa, ng'ombe wamesifiwa, hata kahawa chungu ina watu wake wa kuitetea. Lakini sijamwona aliyesimama kuisifu ikisiri ya kongamano la wakutubi: kile kipande cha maneno 300 ambacho mfanyakazi wa maktaba hukiandika usiku, watoto wakiwa wamelala, akiiomba kamati asiyoijua impe dakika 15 za kuzungumza mbele ya watu wanaowaza chakula cha mchana. Kwa kuwa hajajitokeza mwingine, kazi hiyo naibeba mimi.

Anayesifiwa hutajiwa kwanza ukoo wake, na ukoo wa ikisiri yetu si haba. Shirikisho la kimataifa la vyama vya wakutubi, IFLA, lilianzishwa Edinburgh mwaka 1927, na mkutano wake wa 50 ulifanyika Nairobi mwaka 1984. Sisi wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini tuna kongamano letu, SCECSAL, lililoanzia Dar es Salaam mwaka 1974, na kwa kawaida huhamia nchi nyingine kila baada ya miaka miwili: Nairobi 2012, Lilongwe 2014, Entebbe 2018. Kabla ya kongamano hutoka wito wa makala, na wito ndio unaoizaa ikisiri.

Wito una kaulimbiu pana ambayo hakuna kiumbe anayeweza kubaki nje yake, na chini ya kaulimbiu kuna mada ndogo kumi na kitu, ya mwisho ikiwa ni mada nyingine yoyote inayohusiana na hizo. Hapa ndipo ikisiri inapoanza kutufunza adabu. Mpe mkutubi kitabu cha ufugaji nyuki, atakwambia 638 bila kuinua kichwa. Muulize ukutubi wenyewe uko wapi katika mfumo wa Dewey, atasema 020 huku anakunywa chai. Halafu mwambie achague mada ndogo moja inayoihusu kazi yake mwenyewe. Atakaa hapo mpaka chai ipoe, na mwishowe atachagua ile ya "nyingine yoyote".

Kichwa cha ikisiri nacho kina heshima zake. Sharti kiwe na nukta mbili katikati, na bila hizo hakuna usomi. Kushoto kwake unakaa ulimwengu mzima: Nafasi ya Maktaba za Vyuo Vikuu katika Kukuza Umahiri wa Habari Zama za Akili Unde. Kulia inakaa hali halisi: Mfano wa Maktaba Moja Teule. Teule maana yake ni ile anayofanyia kazi mwandishi, ambayo mashine yake ya fotokopi imebandikwa karatasi ya "mbovu" tangu muhula uliopita.

Lakini sifa yake kubwa, ambayo peke yake ingetosha kuikalisha ikisiri meza kuu, ni ubashiri. Tazama inavyoandikwa. Lengo la utafiti huu lilikuwa. Mbinu mseto zilitumika. Hojaji zilisambazwa. Matokeo yanaonesha. Kila kitu kimeshakwisha, ilhali hojaji haijatoka hata kwenye printa, na huyo msaidizi wa utafiti aliyeisambaza hajapewa habari kwamba ameajiriwa. Mwenye roho nyepesi angeuita huu uongo. Mimi nauita unajimu, tena unajimu usiokosea, kwa sababu miezi sita baadaye matokeo yakija kweli yanakuwa yale yale: fedha hazitoshi, watumishi ni wachache, intaneti inakatika, sera haipo, au ipo lakini ni rasimu. Inapendekezwa kwamba serikali na wadau watenge bajeti. Inapendekezwa pia mafunzo kazini.

Ingia stoo ya maktaba yoyote kongwe, teremsha kumbukumbu za makongamano ya zamani, zile zilizopigwa taipureta zikafungwa kwa pini zilizoshika kutu. Pale pasemapo kadi za katalogi weka kompyuta, pale pasemapo filamu ndogo weka hifadhi ya kidijitali, na malalamiko mengine yaache kama yalivyo. Utadhani yameandikwa juzi. Kwa hiyo mkutubi anayetangaza matokeo kabla ya utafiti hajamdanganya mtu. Amefanya mapitio ya machapisho, basi. Upungufu wa bajeti ya maktaba hutabirika kuliko mvua za vuli, na mtabiri hulipwa kwa cheti cha ushiriki na mfuko wa kitambaa wenye nembo. Siku maktaba zikipewa fedha za kutosha, nusu ya ikisiri zetu zitakosa matokeo, na sidhani kama wenye fedha wamewahi kuambiwa kwamba ubahili wao ndio unaotulindia taaluma.

Tusisahau rehema ya tarehe ya mwisho. Mikutano mingi ya kitaaluma siku hizi huhesabu kwamba siku haijaisha mpaka iishe mahali pa mwisho kabisa duniani, na saa zinazofuatwa ni za kisiwa cha Baker, katika Bahari ya Pasifiki, milki ya Marekani ambayo haina mkazi ila ndege wa baharini. Saa sita ya usiku huko ni saa tisa alasiri ya kesho yake Dar es Salaam na Nairobi. Maana yake, aliyesinzia juu ya kibodi usiku huamka akakuta bado ana asubuhi nzima na sehemu ya mchana, za kazini, zenye umeme wa mwajiri. Utamkuta kaunta ya kuazimisha, mkono mmoja unapokea vitabu, mwingine unapunguza maneno 341 yawe 300. Kinachoondoka kwanza ni "hata hivyo". Kinafuata "kwa upande mwingine". Ikifika saa nane na nusu hata sentensi ya mbinu za utafiti imekwenda, na ikisiri imekuwa safi kuliko ilivyokuwa.

Mfumo wa kupokea ikisiri nao unataka nywila, kisha namba ya ORCID ya kumtambulisha mtafiti. Sisi ndio tunaowafuata wahadhiri ofisini kwao kuwahimiza wajisajili wapate namba hiyo ya tarakimu 16. Ya kwetu tunaitafuta kwenye barua pepe ya mwaka juzi.

Ukishapakia, kesho yake linatoka tangazo: kutokana na maombi mengi, tarehe ya mwisho imesogezwa mbele kwa wiki mbili. Maombi hayo hayajawahi kuonwa na mtu. Wanaoshangilia zaidi ni walewale wanaomtoza mwanafunzi faini ya kila siku kwa kitabu kilichochelewa, na ambao mwanafunzi huyo akijitetea kwamba alidhani mwisho ni Jumatatu humwonesha muhuri bila kusema neno.

Kisha ikisiri huenda kwa wahakiki wasiojulikana, jina la mwandishi likiwa limefutwa ili haki itendeke. Hili nalo ni la kusifiwa kwa sauti. Mwaka 1996 huduma ya maktaba ya taifa ya Kenya ilianza kuwapelekea vitabu kwa ngamia wafugaji wanaohamahama huko Garissa. Sasa mfikirie mkutubi anayetaka kuandika habari za huduma hiyo bila kujitambulisha. Ataandika: huduma moja ya vitabu inayotumia wanyama wa kubebea mizigo, katika eneo kame la nchi moja ya Afrika Mashariki. Mhakiki, ambaye huenda alishawahi kupiga picha akiwa amesimama kando ya mmoja wa wanyama hao, atatia alama kwenye kisanduku kwamba hamfahamu mwandishi wala hawezi kumkisia. Hapo pande zote mbili zimelinda maadili. Mhakiki wa kwanza ataandika kwamba mada ni nzuri na inafaa. Wa pili atataka nadharia iwekwe, sampuli ifafanuliwe, machapisho ya karibuni yaongezwe, na maneno yasizidi 300.

Na ikikataliwa? Hapo ndipo utukufu wake unapokamilika. Mwaka 2005 wanafunzi watatu wa MIT, Marekani, walitengeneza programu ya kompyuta inayounganisha istilahi za kisayansi kuwa makala isiyo na maana yoyote, wakatuma makala zake kwenye kongamano la Orlando, moja ikapokelewa. Ndugu wa kongamano lile bado wanatuandikia. Barua zao huanza na "Profesa mtukufu", hata kama wewe ni mkutubi msaidizi daraja la pili, na huikubali ikisiri kabla hujamaliza kuipakia, alimradi ada iingie kabla ya Ijumaa. Aliyejulikana sana kwa kuwaorodhesha hadharani wachapishaji wa majarida wenye biashara ya namna hiyo alikuwa mkutubi mwenzetu, Jeffrey Beall wa Chuo Kikuu cha Colorado mjini Denver, mpaka orodha yake ilipoondolewa Januari 2017. Kwa hiyo anayekataliwa ana ushahidi wa maandishi kwamba alisomwa na mtu. Ni cheo kidogo, lakini wapo wenye machapisho mengi ambao hawajawahi kukifikia.

Jambo moja tu linanikera, nalo nitalisema japo leo ni siku ya sifa. Sisi tunaohifadhi tiketi za treni za wakoloni na magazeti yaliyoliwa na mchwa hatuhifadhi ikisiri zilizokataliwa. Hazina rafu, hazina namba, zinakufa pamoja na kompyuta iliyoziandika. Mtu akitaka kujua miaka 50 ijayo wakutubi wa leo walitamani kusema nini, atapata waliyoruhusiwa kusema peke yake.

Iliyokubaliwa bado ina mhakiki wa tatu, na huyu kamati haimtaji. Barua ya kukubaliwa inaambatishwa kwenye ombi la ruhusa, ombi linapitia kwa mkuu wa kitengo, kwa utumishi, linafika kwa mhasibu. Ikisiri haigusi. Kichwa chenye nukta mbili anakiruka. Anakwenda moja kwa moja kwenye ratiba, kidole kinateremka mstari kwa mstari mpaka saa saba mchana, kinasimama. Anavua miwani.

"Hiki chakula cha mchana kimo ndani ya ada ya usajili?" anauliza. "Maana kama kimo, posho ya kujikimu inabidi tuikate."