Rambirambi za Darubini

Tangu Jumamosi iliyopita kuna basi zima la watu, kuanzia Mbezi hadi Mafinga, wanaoamini kwamba mimi ni mla rambirambi. Hela yao niliirudisha yote, tena na nyongeza nitakayoieleza, lakini niliposhuka yule mama niliyekaa naye siti moja alikuwa amegeuzia uso dirishani, na konda akaniwekea begi chini bila hata kusema "karibu tena." Wanasemaga hata kwa walevi.

Sanduku lenyewe halikuwa na kosa lolote. Nalitamka hili mapema kwa sababu mke wangu ana maelezo yake.

Darubini yangu ni ya kioo, si ya lenzi. Ya kwanza ya aina hii aliitengeneza Isaac Newton mwaka 1668, na tangu siku hiyo sisi tunaosafiri nazo hatujapumzika. Chini kabisa ya bomba kuna kioo kilichobonyea, changu kina upana wa milimita 150. Mwanga wa nyota unaingia mdomoni mwa bomba, unateremka hadi chini, unakigonga kioo, unarudi juu huku ukijikusanya, na kabla haujatoka unakutana na kioo kidogo kilichoegeshwa nyuzi 45 ambacho kinautupa pembeni, jichoni mwako. Ili ukutane mahali pamoja, mwanga huo unataka milimita 1200, na haupunguzi hata ukiubembeleza. Ndiyo maana bomba lina mita moja na ushee, halikunjiki wala halikatwi vipande, na sanduku halina budi kulifuata. Sentimita 135 kwa 32. Anayetaka kulaumu mtu kwa umbo hilo amlaumu Mwingereza.

Sasa, kile kioo. Kioo cha bafuni kimepakwa nyuma, unapokifuta unafuta kioo. Cha darubini kimepakwa mbele, alumini tupu, utando wa nanomita mia moja hivi. Unywele wako mmoja ni mnene kuliko utando huo mara mia kadhaa. Kidole kimoja cha mtoto mwenye mafuta ya maandazi na umeharibu jioni. Halafu kioo hicho kimekaa juu ya skrubu zinazokielekeza, na kikisogea kidogo tu, nyota inageuka kuwa kimondo chenye mkia. Barabara zetu zina rasta kila penye kijiji, na matuta kila penye shule. Sihitaji kuendelea.

Kwa hiyo nilikwenda Keko kwa seremala. Huyu ni fundi yuleyule aliyeahidi kabati la mke wangu kabla ya Idi, ikapita Idi, ikaja nyingine. Nilimtajia vipimo akiwa anakunywa chai. Hakuchukua futi kamba. Hakuandika popote. Alitazama juu kidogo, akasema, "Njoo saa kumi." Nikadhani saa kumi ya mwezi ujao. Saa kumi ya siku ileile nililikuta limeshapigwa msasa na vanishi, pembe zimekaa sawa, bawaba hazilii. Nilikuwa nimeomba vipini viwili. Alikuwa ameweka vinne vya rangi ya dhahabu, viwili kila ubavu, akisema ndivyo linavyobebeka vizuri. Na kwenye kifuniko, upande wa juu, alikuwa ameweka kidirisha cha kioo. Nilimwambia wakati ule kwamba chombo ni cha kuangalizia, nikadhani ameelewa hivyo. Kidirisha nilikipenda sana. Dar ina unyevunyevu, na unyevunyevu huzaa kuvu, na kuvu hula vioo. Dawa yake ni chembechembe za silika, zile za buluu zinazogeuka pinki zikishiba maji. Ukiwa na kidirisha, unasoma rangi bila kufungua kifuniko. Nilimwongezea hela.

Kilichobaki ni ndani. Hapa naomba uvumilivu kidogo, maana hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Mtu akiambiwa akinge kitu, anashindilia godoro. Godoro la kawaida ni adui mara mbili: kwanza matundu yake yako wazi, linanyonya maji ya hewani na kuyatunza pembeni mwa kioo chako. Pili, hesabu. Sanduku likianguka kutoka kwenye buti, tuseme sentimita 75, kinachoua si kule kuanguka bali kusimama. Likisimama ndani ya milimita moja, kama kwenye sakafu ya saruji, kila kilichomo kinabanwa kwa nguvu ya mara 750 ya uzito wake. Likipewa sentimita tatu za kusimamia, inashuka hadi mara 25. Kioo changu cha kilo moja na ushee, kwa sekunde ile, kinakuwa na uzito wa mfuko wa unga. Kinaweza. Sasa utasema, basi jaza sponji kila mahali. Hapana! Ukiijaza kila mahali, mzigo unasambaa mno, sponji haibonyei, na sponji isiyobonyea ni ubao. Mzigo mwepesi unataka sponji kidogo: vipande vichache, vilivyopimwa, vibonyee kweli vinapotakiwa kubonyea. Nilivikata kwa kisu cha mkate, ile sponji ngumu nyeupe inayokuja na televisheni, ambayo hainyonyi maji. Nikafunika bomba lote kwa blanketi la mwanetu la zamani, lile lenye dubu wa pinki, lisije likakwaruzika.

Mke wangu alikuja, akatazama kupitia kidirisha, akasema, "Hilo halilali ndani ya nyumba yangu." Nikadhani anazungumzia nafasi.

Na nafasi yenyewe wenzetu hawaionei choyo. Mwaka 1936 kioo cha darubini ya Palomar, mita tano kwa upana, tani kama ishirini, kilisafirishwa kwa treni kutoka Corning hadi Pasadena, Marekani nzima hiyo, kimesimamishwa wima ndani ya kasha la chuma. Treni ilitembea mchana tu, kilomita 40 kwa saa, na watu walijipanga kando ya reli kuishangilia. Mwaka 2021 darubini ya James Webb ilipandishwa meli California, ikapita mfereji wa Panama hadi Kourou, siku 16, ndani ya kasha la mita 33 na nusu lililokuwa na hewa yake yenyewe iliyochujwa. Kasha hilo lilipewa hadi jina. Hakuna aliyemuuliza mtu wa NASA kama amefiwa.

Mbezi, alfajiri. Wabeba mizigo wa pale nawafahamu: begi lako wanalirusha kwanza, wanauliza unakokwenda baadaye. Siku hiyo walilipokea sanduku wanne, kila mmoja kipini chake, mmoja akavua kofia. Walihamisha magunia ya watu ili lilale peke yake. Utingo akataka kuweka ndoo ya samaki juu yake, akapigwa kofi la mgongo. Nikauliza gharama ya mzigo, konda akanishika bega: "Kaka, hilo halilipiwi." Nilipanda basi nikiwa na furaha isiyo kifani. Nilijisemea, hatimaye tumefika mahali ambapo watu wanaheshimu vioo.

Mama aliyekaa pembeni yangu alinisubiri tupite Kibaha.

"Ni wako?" akauliza, akionyesha chini kwa kidevu.

"Wangu, mama."

"Wa pekee?"

"Hapana, nyumbani nimebakiza mwingine, mdogo zaidi." Nina ka-darubini ka mkononi.

"Afadhali," akasema, na macho yakamlenga. "Umehangaika sana?"

"Mama, we acha. Miaka. Na kilichokuwa kinamaliza ni unyevunyevu."

"Kifua," akasema yule mama, akatikisa kichwa.

Chalinze muziki ulizimwa, ikawekwa kwaya. Mimi nilidhani ni ladha ya dereva. Morogoro nilishuka kujisaidia, niliporudi nilikuta mtandio umepita siti hadi siti, umejaa noti, na yule mama akaniwekea mapajani huku abiria wakisema "pole sana" kwa zamu. Kabla sijafungua mdomo dereva aliondoa basi, na mzee mmoja wa nyuma akaanzisha sala. Niambie wewe, ungeikatisha sala ya mzee kwa kueleza nadharia ya Newton? Nilinyamaza. Nilisema amina.

Hatujafika Mikumi, trafiki akasimamisha. Konda, kwa nia njema kabisa, alimnong'oneza awahi kutuachia, kuna msiba. Trafiki akauliza kibali cha kusafirisha. Konda akaniita nishuke na karatasi. Karatasi pekee niliyokuwa nayo inayohusu lile sanduku ni risiti ya fundi wa Keko, nami sikuwahi kuisoma. Trafiki aliisoma kwa sauti: "Sanduku la mtoto, moja, na dirisha."

"Hii si kibali," akasema.

"Si mtoto," nikasema. "Ni darubini."

Watu walikuwa wameshashuka. Mtu akisema jambo la namna ile kando ya barabara, mbele ya basi zima, hakuna anayesikia darubini. Wanasikia baba aliyechanganyikiwa. Yule mama alinikumbatia kiunoni nisianguke. Trafiki akasogea, akachungulia kidirishani, akaona dubu wa pinki. Akavua kofia. Nikasema afungue, nikamsihi afungue, naye akakataa, nikajinasua na kufungua mwenyewe. Kilio kilichopigwa pale sitakisahau. Nilivuta blanketi, likatoka bomba jeupe, refu, lenye skrubu tatu na kibandiko cha onyo usilitazame jua. Kilio kikakatika kana kwamba kimezimwa kwa swichi.

Trafiki ndiye aliyepona wa kwanza. "Inaona mbali kiasi gani?"

"Zohali. Zaidi ya kilomita bilioni moja."

"Sasa na Mafinga si ungeangalia tu hukohuko kwako?"

Watu hawakucheka. Walitaka hela yao. Hapo ndipo ilipo ile nyongeza: mchango wa hiari hauna daftari. Aliyetoa jero alikumbuka buku, aliyetoa buku alikumbuka mbili, na kijana mmoja aliyelala tangu Mbezi aliamka na kukumbuka elfu tano. Mtandio uliisha, nikaingia mfukoni. Konda naye akakumbuka kwamba mzigo ule, kumbe, unalipiwa, kwa urefu. Na utingo akaiweka ndoo ya samaki juu yake, taratibu, akinitazama usoni.

Jambo linalonichoma si hela. Watu hamsini walisimama kando ya barabara mbele ya chombo kinachoonyesha pete za Zohali, na hakuna hata mmoja aliyesema "hebu." Niko tayari kuwatetea: jua lilikuwa kali na walikuwa wametoka kulia. Lakini hata jioni, Mafinga, anga jeusi tii, vijana wa gesti waliniuliza kama naweza kukamata mpira kwa kile kidude.

Niliporudi nilikwenda Keko kugomba. Fundi alinisikiliza hadi mwisho, akafuta vumbi la randa mikononi. Nikamuuliza, kwa nini kabati la mke wangu linachukua mwaka na hili lilichukua mchana mmoja, bila futi, bila penseli? Akanijibu bila ubaya wowote: "Kaka, kipimo kile ndicho kinachotoka sana."

Nyuma yake yalikuwepo mengine mawili ya urefu uleule, hayajapakwa vanishi. Nimekaa na hasira nikitafuta wa kumtupia, sijampata. Fundi yeyote mtaani anaikumbuka sentimita 135 kwa kichwa, na sababu yake si nyota. Nilimlipa hela ya kung'oa kidirisha, ingawa sikumpelekea sanduku. Liko uani, mke wangu analiwekea mkaa.

Njia nyingine nilishazijaribu. Rujewa, tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa kipete na nusu ya nchi ikahamia Mbarali, nilikwenda na darubini ndani ya godoro lililoviringishwa, na mtu akalilalia njia nzima. Begi la kinanda: niliombwa nipige harusini. Mkeka: mvua.

Sasa nina bomba la maji taka. La inchi nane nililikataa, linabana bila kuacha nafasi ya sponji. La inchi kumi linaacha sentimita tatu kila upande, zile tatu nilizozieleza, na ni la plastiki, halinyonyi kitu. Lina mifuniko miwili na mkanda wa begani. Nimepanda nalo daladala juzi na hakuna aliyenipa pole. Dada mmoja alinisogelea pale Kimara, akaniuliza bei zangu, na nilipoanza kueleza akasema haidhuru, jirani yake alilipa elfu arobaini na alikuja fundi asiye na hata bomba. Choo chao kinarudisha maji tangu masika. Nina kazi Jumamosi, saa mbili.