Kikao cha Seksio

Binti yangu amemaliza darasa la tisa hapa Muyinga, na tangu siku hiyo nyumba yangu imegeuka bunge. Hoja ni moja: aombe seksio gani? Sayansi, lugha, uchumi au ualimu? Baada ya hapo ni mtihani wa serikali, kisha chuo kikuu. Ukikosea hapa, naambiwa, umekosea mpaka kaburini.

Shemeji yangu wa Gitega kapiga simu mara nne. Tangu Gitega iwe makao makuu ya kisiasa mwaka 2019, naye kajiona waziri. "Sayansi, shemeji! Bila sayansi hakuna udaktari!" Nikamkumbusha kwamba yeye alisoma sayansi, na leo anauza vitenge. Akasema mtandao mbaya, akakata.

Dada yangu yeye anataka uchumi. Chama chake cha akiba kimeshakufa mara mbili, lakini ushauri wa pesa anao.

Aliyetuvuruga kabisa ni mpangaji wangu wa Ngara, ng'ambo ya mpaka wa Kobero. Kwao Tanzania seksio wanaziita tahasusi, na zina majina kama namba za gari: PCB, HGL, EGM. Alipoanza kuzitaja, mke wangu akachukua kalamu na daftari. Nikamwambia weka chini, mama, mwanao yuko Burundi.

Mtoto mwenyewe anafundishwa lugha nne: Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili. Katika zote nne, hakuna aliyemuuliza anataka nini.

Wiki iliyopita nikapanda gari kwenda Gitega kupitia Karuzi, kuku wa zawadi mapajani, tukamalize ubishi ana kwa ana. Njia nzima kuku ndiye pekee ambaye hakunipa ushauri. Shemeji akanichorea ngazi kwenye karatasi ya mishikaki: seksio, mtihani, Chuo Kikuu cha Burundi, koti jeupe. Kabla hajafika kwenye koti, mafuta ya nyama yakawa yameshafuta chuo kikuu.

Lakini nikakubali yaishe. Sayansi. Nikarudi jana usiku, nikakohoa kibaba.

"Lete ile fomu. Nimeamua."

"Niliirudisha shuleni Jumatatu, Baba."

"Bila sahihi yangu?"

"Ulisaini. Nilikuletea dukani, mnashusha simenti. Ukasaini, ukaniuliza mifuko mingapi."

Mke wangu akainamia sufuria, mabega yakimtikisika. Nikauliza, sauti imeshuka, kaandika nini.

"Lugha."

"Kwa nini lugha?"

"Humu ndani, Baba, lazima apatikane mtu wa kusoma karatasi kabla haijasainiwa."

Sasa tunangoja alama za konkuru, ule mtihani wa darasa la tisa, na orodha ya kupangiwa shule. Huko hata shemeji hana kiti. Simu inaita tena. Ni Gitega. Mtandao leo mbaya sana.