Utukufu wa Kiolezo

Tembo wa Mikumi wamesifiwa vya kutosha. Tukisifu sasa kisichopigwa picha na mtalii yeyote, yaani kiolezo cha mashine pepe. Hiyo ni kompyuta isiyo na umbo, inayoandaliwa ndani ya seva ili inakiliwe, na nakala zake zifunguliwe na watu walio mbali, kila mmoja kwenye kioo chake. Kuiandaa kunachosha hasa. Unaweka Windows, unaweka programu, unangoja masasisho, unafuta takataka, kisha unaiamuru Sysprep, zana ya Windows yenyewe, iisahaulishe mashine jina na utambulisho wake. Sysprep nayo ikikuta kijiprogramu cha duka la Microsoft kilichowekwa kwa mtumiaji mmoja tu, inagoma, na ujira wa kutwa nzima ni mstari mmoja wa kosa. Hata saa zinadai heshima: katika orodha ya Windows, saa za Kilosa zinaitwa Nairobi (Watanzania tulimeze hilo kimyakimya). Ukizisahau, huenda nakala zote zikaamka zikifuata jua la California.

Nadai kuwa karaha hiyo ndiyo fadhila yenyewe, maana kosa la kiolezo halikubali kubaki peke yake. Ushahidi umelazwa juu ya mataruma kati ya Kilosa na Kidatu. Wajerumani waliijenga Reli ya Kati kwa upana wa milimita 1,000, na tawi linalotoka Kilosa kupitia Mikumi likarithi upana huohuo. Reli ya TAZARA, iliyokamilika katika miaka ya 1970, ikaja na milimita 1,067. Tofauti ya milimita 67 haifiki hata upana wa kiganja, lakini njia hizo zilipokutana Kidatu, mabehewa hayakuweza kupita na shehena ikabidi ihamishwe. Hakuna fundi aliyekosea; kila mmoja alinakili kwa uaminifu kipimo alichopewa.

Mwenye haraka atasema: nakili tu, mambo yatajipa. Tena anaye shahidi mkubwa. Mwaka 2009 Mark Russinovich, mtaalamu wa Windows ndani ya Microsoft, aliistaafisha NewSID, programu yake ya kubadilisha namba za utambulisho wa mashine, akieleza kwamba namba kufanana hakukuleta madhara yaliyohofiwa. Microsoft iliendelea kudai Sysprep, ila wavivu walichagua la kusikia. Kuanzia mwishoni mwa Agosti 2025, masasisho ya Windows 11 na Server 2025 yakaanza kukagua namba hizo, na mashine zilizofanana zikakataana. Miongoni mwa yaliyokwama ni huduma hiyohiyo ya kufungua kompyuta kwa mbali, na dawa ya kudumu ikawa kuziunda upya kwa utaratibu ule uliodharauliwa.

Mtandao wa kusuasua ni hoja nzito zaidi, lakini inazishitaki kompyuta za mbali, haikigusi kiolezo. Kinachokigusa ni uzee: Microsoft hutoa masasisho kila Jumanne ya pili ya mwezi, na kiolezo cha jana tayari kina matundu. Kwa hilo sina utetezi. Kinadai mtumishi wa kila mwezi, na akitumikia vizuri hakuna atakayejua kuwa yupo. Asiyeitaka adha hiyo abaki na kompyuta za kawaida, apande basi Morogoro hadi Mikumi, kisha Kilosa, azisasishe moja moja.