Namna ya Kuwa Bingwa wa Bega Kijiweni

Kila kijiwe kina bingwa wa siasa, bingwa wa mpira na bingwa wa ndoa za watu. Kiti cha bingwa wa viungo bado kiko wazi, na nakuomba ukikalie kabla hajakiwahi yule jamaa wa kahawa ambaye kila maumivu kwake ni "mishipa". Usijisumbue na mwili mzima. Mtu mzima ana mifupa 206, na kahawa inapoa. Shika bega tu. Bega linamuuma kila mtu na hakuna anayejua lina nini ndani yake.

Anza kwa kujifunza kusimama. Wataalamu wa anatomia walikubaliana kwamba binadamu, kabla hajazungumziwa, asimame wima, mikono ikining'inia ubavuni, viganja vikitazama mbele na vidole gumba vikielekea nje. Yaani kama kijana aliyesimamishwa na askari usiku, anayeonyesha kuwa hakushika kitu. Maneno yote ya fani hupimwa kwa mkao huo. Kushoto ni kushoto kwa anayetazamwa, si kwako wewe unayetazama. "Ndani" ni kuelekea mstari unaopita puani na kitovuni, hata kama kitu chenyewe kiko juu ya ngozi. Halafu mkononi kuna karibu na mbali: kiwiko kiko mbali ukikilinganisha na bega, ila kiko karibu ukikilinganisha na kiganja. Ukishachanganyikiwa vya kutosha, wachanganye na wenzako. Mtu akisema "naumwa huku", muulize kwa upole: mbele au nyuma? Kwa ndani au kwa nje? Akijibu "huku huku", umeshashinda.

Ukitaka kuonekana umesoma zaidi, wazee wa pwani wana neno jingine la bega: fuzi. Wingi wake ni mafuzi. Litamke taratibu na ung'ate mdomo kwenye hiyo f, kwa sababu ikiteleza ikawa v utakuwa umetaja kitu kingine kabisa, na baraza zima litaangalia chini.

Mifupa ya bega ni mitatu tu. Wa mbele ni mtulinga, ule uliolala kama upinde chini ya shingo, ambao kwa waliokonda hutengeneza kishimo cha kukusanya maji ya kuoga. Mtulinga ni kati ya mifupa ya kwanza kabisa kuanza kukomaa mtoto akiwa tumboni, na ni wa mwisho kumaliza: ncha yake ya ndani, pale inapogusana na kidari, hushikamana kabisa mtu akikaribia au kupita kidogo miaka 25. Kwa hiyo kijana wa miaka 20 akikwambia yeye ameshakomaa, mwekee kidole hapo umkatalie. Hapo kidarini ndipo mahali pekee ambapo mifupa ya mkono mzima imeungana kwa kiungo na mifupa ya kiwiliwili. Kwingine kote ni nyama na kano.

Wa nyuma ni kombe la bega. Hilo ndilo kombe pekee ambalo hata shabiki wa timu yangu ana uhakika nalo, tena anayo mawili. Kombe halikufungwa kwenye mbavu kwa kiungo chochote. Linaelea juu yake, limeshikwa na misuli kama 17 inayolivuta kila upande. Mbele lina kijipembe ambacho Wagiriki walikifananisha na mdomo wa kunguru, na kwa hilo hawakukosea. Wa tatu ni mfupa wa mkono wa juu, ambao wenye vitabu huuita humerasi. Kichwa chake ni cha mviringo kama chungwa. Na kombe limekiandalia nini hicho kichwa? Kisosi. Tena kisosi kidogo, kilichozungushiwa ukingo wa gegedu ili angalau kiwe na kina. Nyonga imechimbiwa shimo la maana. Bega limepewa kisosi na kuambiwa lijitegemee. Ndiyo maana mkono unafika karibu kila mahali, na ndiyo maana hakuna kiungo kikubwa kinachochomoka mara nyingi kama bega.

Kinacholizuia chungwa lisidondoke ni misuli minne midogo inayolikumbatia: supraspinatasi juu, infraspinatasi na teresi ndogo nyuma, subskapularisi mbele. Yataje majina hayo mara moja tu, haraka, kisha unywe kahawa. Atakayekuomba urudie ana nia mbaya. Juu yake kuna deltoidi, ule msuli mnene wenye umbo la pembetatu ambao wengi wetu tuliufahamu mwaka 2021 tulipopanga foleni ya chanjo. Deltoidi ndiyo inayojazwa na vijana wa jimu. Ile minne hakuna anayeijaza, kwa kuwa haionekani kwenye picha.

Hapa fanya onyesho. Mwite mwenzako, weka kiganja chako juu ya kombe lake, umwambie ainue mkono kwa pembeni taratibu hadi juu kabisa. Mwanzoni kombe limetulia. Mkono unavyozidi kupanda, utasikia ncha yake ya chini inaanza kuteleza kuelekea kwapani, kama kitu kinachohama chini ya shuka. Katika nyuzi zile 180, kama 120 ni za chungwa kuzunguka kwenye kisosi, na 60 zilizobaki ni za kombe lenyewe kugeuka. Wahenga waliposema mabega hayazidi kichwa walikuwa wanafundisha adabu, ila na hesabu waliipata: mkono unakipita kichwa, bega linabaki chini likifanya kazi.

Sasa mfano utakaokupa heshima ya kudumu. Umesimama kwenye daladala, umeshika bomba la juu, mkono umeinuliwa na kugeuzwa nje. Bodaboda anakatiza, dereva anakanyaga breki, mwili unakwenda mbele na mkono unabaki na bomba. Katika mkao huohuo chungwa husukumwa mbele na kuporomoka chini ya ule mdomo wa kunguru. Mabega mengi mno yanayochomoka huchomokea mbele. Ukilieleza hili ndani ya daladala lenyewe, utaona abiria wanashusha mikono mmoja mmoja, na wewe unapata nafasi ya kushika bomba.

Kosa moja litakalokuvua ubingwa ni kuanza kutibu. Mimi bega langu liliwahi kuganda. Maradhi haya huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume, na wenye kisukari kuliko wote. Sikuweza kufikia mfuko wa nyuma wa suruali yangu mwenyewe. Kondakta alikuwa ananisubiri nitoe nauli kama anavyosubiriwa mtoto anayefungua zawadi. Mzee mmoja wa mtaani, ambaye jina lake nalihifadhi kwa kuwa bado tunasalimiana, alinipaka mafuta, akaniwekea goti ubavuni, akauvuta mkono huku akisema "umekaza tu". Ulikuwa umekaza kweli. Baada ya hapo ukakaza na mimi nikawa nalia. Bega lililoganda hulegea polepole, kwa miezi na mara nyingine kwa miaka, likisaidiwa na mazoezi ya taratibu, si kwa goti la mtu.

Na lile lililochomoka usiliguse kabisa. Chini yake kwapani umepita mshipa wa fahamu wa deltoidi, na karibu na hapo mshipa mkubwa wa damu wa mkono wote; ukivuta ovyo unaweza kuviharibu. Chukua kanga, uubebe mkono kama ulivyo bila kuunyoosha, piga fundo nyuma ya shingo, mpeleke mtu hospitali. Daktari akiuliza ni bega lipi, kumbuka: kushoto ni kwa mgonjwa, si kwako.